Miguu Mitatu ya Prosesa

Mwaka niliotimiza miaka kumi na mitatu, kila Jumamosi yangu ilianza na kichwa cha mtu. Kufikia saa mbili asubuhi kibaraza chetu kilikuwa kimejaa wasichana wa shule wakisubiri zamu, nami nimekaa kwenye kigoda, kitana mkononi, nagawa nywele mistari. Aliyelalamika kwamba namvuta nilimwambia atulie, maana kichwa kikitikisika mstari unapinda, na mstari ukipinda hachekwi yeye, nachekwa mimi. Mtaa mzima uliniita Msusi. Hata baba, ambaye ndiye aliyenipa jina langu, alikuwa ameshaliacha.

Sikusuka ili ninunue viatu. Nilitaka kompyuta ya michezo. Karibu na shule palikuwa na kibanda ambapo uliweza kucheza mbio za magari kwa nusu saa, na kila nilipoanza kuwapita wenzangu muda wangu uliisha, nikanyanyuliwa kitini gari likiwa bado linakwenda. Nilichoka kunyanyuliwa.

Baba ni seremala, na kitu chochote kinachouzwa kikiwa kimekamilika hukitilia shaka. Akiingia duka la samani hugonga makabati kwa kidole na kutikisa kichwa. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba nitanunua vipande kimoja kimoja, vilivyokwisha kutumika, kisha viunganishwe, nilishangaa kuona uso wake unakunjuka.

"Hapo sasa unaongea," alisema. "Nitakuongezea utakapopungukiwa. Lakini nina sharti. Kila kipande utakachokiingiza humu ndani utanieleza kina kazi gani, umekitoa wapi, na kwa nini umechagua hicho na si kingine. Ukishindwa kimoja, kinarudi kilikotoka."

Siku ile niliona ananionea tu. Leo namshukuru kwa sharti lile kuliko kwa fedha aliyoniongezea.

Aliyenifundisha kuchagua ni Fundi Miwani. Alikuwa na chumba chembamba cha kutengenezea kompyuta, kati ya duka la dawa na duka la vitabu, na ndani yake meza ndefu iliyojaa bisibisi. Alikuwa na jozi mbili za miwani, moja machoni, nyingine juu ya kichwa. Alipoitafuta ile ya pili aliwauliza wateja, nao walimwonyesha kichwani bila kucheka, kwa heshima.

Nilimpelekea orodha yangu, niliyoiandika kwenye ukurasa wa katikati wa daftari. Aliisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi.

"Msusi, hizi taa za rangi saba ni za nini?"

"Zinapendeza, Dada."

"Zinacheza mchezo?"

"Hapana."

Akazikata. "Na hili kasha la kioo?"

"Ili watu waone ndani."

"Wataona nini, ikiwa fedha yote imeishia kwenye kioo? Unatengeneza kompyuta au unapamba harusi?" Akalikata nalo. "Tafuta kasha la kompyuta ya ofisini. Sura halina, lakini hewa inapita na skrubu zake zote zipo."

Ukurasa wangu ulijaa wekundu, na machozi yalikuwa karibu. Fundi aliliona hilo, akanisogezea kiti. Akaniambia kwamba kosa langu ni kuanza na vifaa, wakati inatakiwa kuanza na mchezo wenyewe. Ninataka kucheza nini? Mbio za magari, nikajibu. Basi, akasema, kinachochora zile barabara na yale magari ni kadi ya picha, kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha iende huko. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo, iwe ya kuendana nayo tu. Ubongo ukiwa mzito, kadi itakaa inaungoja. Ukiwa wa kifahari kupita kiasi, nimelipia mbio ambazo kadi haiziwezi. Lakini kwenye kisanduku cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawa, alinikataza kabisa kutafuta cha bei ya chini.

"Hapa usibane," alisema. "Pawa mbovu ikiungua haifi peke yake. Inaondoka na wenzake wote."

Nilitoka pale na orodha fupi ambayo kila mstari wake niliweza kuutetea. Fundi hakunitoza hata senti kwa somo lile. Miezi iliyofuata nilileta kasha, kisha pawa, kisha mazabodi, ule ubao mpana ambao vipande vingine vyote huchomekwa juu yake, na vijiti viwili vya kumbukumbu vinavyofanana. Baba alisikiliza maelezo, akagonga kasha kwa kidole, akapitisha. Zikabaki prosesa na kadi ya picha.

Prosesa za Fundi Miwani zilitoka kwa Mzee Sponji. Mzee huyu alikuwa akizunguka maofisini kununua kompyuta zilizokufa, anazifungua mwenyewe kwake, anatoa vilivyo hai. Prosesa ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani, na zile za aina yangu zina miguu myembamba ya dhahabu kwa chini, zaidi ya elfu moja, imepangwa mistari kwa mistari. Mguu mmoja ukipinda, haikai kwenye mazabodi. Ndiyo maana mzee alikata sponji za magodoro ya zamani, akazipanga ndani ya trei za mayai, na kila prosesa akailaza kwenye kitanda chake. Alitembea na trei hizo mikononi polepole sana, watoto wakimpisha.

"Za watu wengine nazikagua moja moja," Fundi aliniambia siku aliponipa yangu. "Za Mzee Sponji sizikagui. Miaka kumi na moja hajaniletea hata moja iliyopinda mguu." Akaifunga kwenye kiboksi. "Usiifungue mpaka siku ya kuunganisha. Ikiwa na tatizo lolote, una siku saba za kuirudisha."

Baba alikuwa amesafiri kwa kazi ya kupaua nyumba, kwa hiyo prosesa ilibidi imsubiri. Mimi nilisubiri mpaka Jumamosi. Siku hiyo rafiki yangu mmoja, ambaye nilikuwa nimefika nusu ya kichwa chake, aliniambia haamini kwamba ubongo wa kompyuta unaenea kiganjani. Nikaenda kuuleta. Tuliugeuza, tukaona ile miguu inameta juani, nami nikaona kitu kingine: kati ya mistari palikuwa na vumbi.

Sasa, msusi akiona mistari yenye uchafu, mkono unawasha. Sikufikiri hata kidogo. Nilichukua kitana changu, nikapitisha ule mkia wake mwembamba katikati ya miguu, sawasawa na ninavyopitisha kwenye nywele. Mstari wa kwanza ulisafika vizuri. Kwenye wa pili nikasikia mkia umekwama kidogo, na nilipoutoa, miguu mitatu ilikuwa imelala.

Niliirudisha kwenye kiboksi. Nikamaliza kichwa cha rafiki yangu, na naambiwa mstari wa mwisho ulipinda.

Jumatatu baada ya shule nilienda kwa Fundi Miwani na kile kiboksi. Njiani nilikuwa nimejizoeza maneno mengi, lakini niliyoyasema yalikuwa matatu tu.

"Dada, nimeikuta hivi."

Aliitazama kwa miwani ya kwanza, kisha kwa ya pili. "Pole, Msusi. Si kosa lako." Akafungua droo, akanipa nyingine. "Hii ina nguvu zaidi kidogo kuliko ile. Ichukue, iwe fidia ya usumbufu."

Nilimshukuru. Nikaondoka haraka.

Wiki iliyofuata nilirudi kuchukua kadi ya picha. Nilikuwa nimesimama kando ya meza, Fundi anaifunga, Mzee Sponji alipoingia na trei yake. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Kisha Fundi akavuta kile kiboksi kutoka chini ya meza.

"Mzee wangu, usinielewe vibaya," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna moja ilimfikia mteja ikiwa imepinda. Nimeona nikwambie tu."

Mzee aliiweka trei chini. Akaipokea ile prosesa, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Alikaa pale muda mrefu.

"Mitatu," alisema. "Na mimi niliiona mizima."

"Ni moja tu, mzee. Kwa miaka yote hii."

"Uliyoiona wewe ni moja. Mimi najuaje zilizobaki?" Akajipangusa macho kwa kiganja, akatazama tena. "Mke wangu alikuwa akiniambia macho yameanza kuchoka, nami nikimbishia. Basi, Fundi. Siwezi kukuuzia kitu nisichokiona. Hizi za leo zikague mwenyewe. Sitaleta tena."

Fundi alimsihi. Mzee alitabasamu, akasema amechoka pia, ni wakati wake wa kupumzika. Alipotoka aligusa fremu ya mlango kwa mkono, kana kwamba hakuwa na uhakika ulipo. Wiki moja kabla alikuwa akipita mlango ule na trei mbili mikononi.

Nilibeba kadi ya picha mpaka nyumbani. Ilikuwa nzuri, ya feni mbili, ile ile niliyoiota, na sikutaka kuitazama.

Baba alirudi siku hiyo hiyo jioni, jua likiwa bado juu ya paa. Alioga, akakaa kibarazani, akaniita. "Haya Msusi, lete vitu vyako, nisikie." Nikaleta kadi ya picha. Nikamweleza kazi yake, nilikoitoa, na kwa nini niliichagua hiyo. Akapitisha. Kisha nikamwekea prosesa mbele yake.

"Hii ndiyo ubongo," nilisema. "Nimeichagua kwa sababu inaendana na kadi."

"Vizuri. Umeitoa wapi?"

Ningeweza kusema kwa Fundi Miwani, na isingekuwa uongo. Lakini baba alikuwa ameinama ananisikiliza kwa makini, amechoka na safari na bado ananisikiliza, na nikajikuta nalia. Nikamwambia yote, kuanzia kitana mpaka fremu ya mlango.

Baba hakunipiga wala hakupaza sauti. "Huyo mzee," aliuliza, "sasa hivi anaamini kwamba anapofuka?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi una safari. Nikusindikize, au unaenda mwenyewe?"

"Nitaenda mwenyewe."

Kesho yake nilianzia kwa Fundi. Aliponisikia alivua miwani ya machoni, akasahau kwamba ana nyingine kichwani, akanitazama bila yoyote. Niliogopa macho yale kuliko fimbo.

"Hiyo nzuri niliyokupa, irudishe mezani," alisema. Nikairudisha. Akanipa kile kiboksi cha miguu mitatu. "Hii ndiyo yako. Kama itafaa au haitafaa, sijui. Mzee anakaa nyuma ya ghala la mbao, nyumba yenye mlango wa bati. Nenda sasa hivi, maana nimesikia mtu wa vyuma chakavu anakwenda kwake kesho kuvibeba vitu vyote kwa kilo."

Nilikimbia. Nilimkuta Mzee Sponji uani, ameketi kati ya marundo ya makasha, anafunga trei zake kwa kamba, moja juu ya nyingine.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani huyo?" aliuliza, ingawa jua lilikuwa linanimulika usoni. Alikuwa ameacha hata kujaribu.

"Mimi ndiye mteja wa ile prosesa. Babu, haikuwa imepinda. Niliipata nzima. Niliipindisha mimi kwa mkia wa kitana, nikitoa vumbi, halafu nikamdanganya Fundi. Macho yako hayana tatizo. Nimekuja kukuomba msamaha."

Kamba ilimdondoka mkononi. "Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Ulitumia nini?"

"Mkia wa kitana."

"Rudia tena pale uliposema ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima, babu. Miguu yote."

Nilitegemea kufukuzwa. Badala yake mzee aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama anacheka au analia mpaka aliponitazama, nikaona ni vyote viwili. "Asante," alisema. "Asante sana, mjukuu wangu." Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, nikaambiwa asante. Sijawahi kupewa asante nzito kama ile, na sikuistahili hata robo.

Alipotulia aliniomba kiboksi. Akaitazama prosesa pale pale juani, bila kuisogeza karibu wala mbali. "Haijafa," alisema. "Miguu imelala, haijavunjika. Una mkono mtulivu?"

"Nasuka, babu."

"Kumbe. Basi mkono uliovunja ndio utakaotengeneza."

Akaniletea sindano nyembamba na kiti. Aliniamuru niweke macho katika usawa wa miguu, nitazame mstari wote kwa urefu, nione ni upi unatoka nje. Kisha nisukume kidogo sana, niache, nitazame tena. "Usiukimbize," alisema. "Ukiurudisha kwa pupa, unakatika." Mguu wa kwanza ulinichukua robo saa na jasho likaniingia machoni. Wa pili ulikuwa rahisi. Wa tatu ulinigomea, nikataka kuongeza nguvu, mzee akanishika kiwiko kwa kidole kimoja tu mpaka nikatulia. Tulipomaliza alitazama mistari yote, akasema iko sawa. Nikamwamini, kwa sababu macho yake yalikuwa mazima. Nilipoondoka nilimwacha akizifungua kamba trei zake.

Jumamosi sikusuka. Saa tatu asubuhi tulikuwa kwa Fundi Miwani: mimi, baba, na Mzee Sponji, ambaye alipitia akiwa njiani kumpelekea mteja wa mbali trei mpya. Vipande vyote vilipangwa mezani. Fundi alininyooshea prosesa.

"Hii haisukumwi," alisema. "Ilaze tu uiachie. Ikikubali, itashuka yenyewe."

Niliilaza, nikaiachia. Kwa muda mfupi haikufanya kitu, nami nikawa tayari kuambiwa nianze upya kusuka mwaka mzima. Kisha ikashuka, yote kwa pamoja, ikakaa. Fundi akafunga kishikizo chake, akaniachia bisibisi, na kuanzia hapo kila kipande nilikiunganisha mwenyewe, wao wakinielekeza. Baba alishika tochi. Alipoambiwa ashike kidogo kushoto alitii kama mwanafunzi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Nikabonyeza swichi. Feni zikaanza kuzunguka. Skrini tuliyoiazima kwa Fundi ilikaa nyeusi, ikazidi kukaa nyeusi, baba akaanza kukohoa kikohozi chake cha wasiwasi, halafu ikawaka. Fundi alipiga meza kwa kiganja. Baba alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akavuruga nywele alizonisuka shangazi siku ile ile.

Niliwageukia nikawashukuru mmoja mmoja: Fundi kwa kalamu nyekundu na kwa kunirudishia prosesa yangu, baba kwa sharti lake, na mzee kwa mguu wa tatu. Mzee alikuwa wa mwisho, na ndiye aliyenijibu.

"Sikia, Msusi," alisema. "Prosesa ingekufa, ungepata nyingine. Ziko nyingi. Lakini ulipomwambia Fundi 'nimeikuta hivi', kosa lako halikuisha, lilihamia kwangu. Nilikaa nyumbani kwa ajili yake. Nilitembea nikishika kuta kwa ajili yake. Ungenyamaza, ningeishi hivyo mpaka mwisho na macho yangu mazima. Kukosea utakosea tena, sisi wote tunakosea. Ila ukikosea, sema siku hiyo hiyo, ungali unalibeba mwenyewe. Usingoje mpaka uone nani amelibeba."

"Nimesikia, babu."

"Najua umesikia. Ulikuja mwenyewe." Akatazama saa ya ukutani kutoka pale alipokaa, akaisoma bila kukunja uso. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Akasema amechelewa, akatuaga, akainua trei yake kwa mikono miwili na kwenda kazini.